Gharika ya Maandiko na Kizingiti cha Lukuga

Visa vya gharika vinavyosomwa leo misikitini na makanisani mjini Tabora vilifika huko kwa njia ileile iliyopitisha pembe za ndovu, vitambaa, shanga na watumwa, yaani njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapanda Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na kuteremka kupitia Uvinza hadi Ujiji. Wafanyabiashara wa pwani na Waarabu walikuwa wamekwisha kukaa Kazeh, mahali palipokuja kuwa sehemu ya Tabora, wasafiri Richard Burton na John Speke walipofika huko tarehe 7 Novemba 1857, na pamoja na bidhaa zao walikuwa na Kurani yenye habari za Nabii Nuhu. Miongo miwili baadaye, mwaka 1878, wamisionari wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki walipita njia hiyohiyo na Biblia zao, ambazo kitabu chake cha kwanza, Mwanzo, kina habari za Nuhu huyohuyo. Kule njia ilikokomea, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, palikuwa tayari na kisa kingine cha maji yaliyomeza nchi, na wenyewe walikuwa Wajiji, ambao walikisimulia wakilitazama ziwa.

Kwa zaidi ya karne tatu wataalamu wa Ulaya na Marekani wamejaribu kueleza gharika ya maandiko kwa fizikia, elimu inayochunguza maada, mwendo, joto na nguvu za asili. Majaribio hayo yana historia ndefu na matokeo yasiyolingana, na mtu anayetaka kuyapima hahitaji kwenda Ararati wala Mesopotamia, kwa sababu maji yaliyo upande wa magharibi wa Tabora yanatoa kipimo kizuri kuliko vingi vinavyotajwa vitabuni.

Maandiko yenyewe yanataja vyanzo viwili vya maji, na jambo hili ni la msingi katika hoja yote. Katika Mwanzo, madirisha ya mbinguni yalifunguka na wakati huohuo chemchemi za vilindi zikapasuka. Mvua ilinyesha siku 40 usiku na mchana, maji yakadumu siku 150 na kuifunika milima kwa dhiraa 15, dhiraa moja ikiwa ni kama nusu mita, yaani urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole. Katika Kurani, Sura ya Hud inataja tanuri lililofoka maji kuwa ndiyo ishara ya kuanza kwa gharika, na Sura ya Al-Qamar inaeleza maji ya juu na maji ya chini yakikutana. Safina ikatua juu ya mlima Judi. Kuhusu ukubwa wa gharika, wafasiri hawakukubaliana tangu zamani, maana wako Waislamu wanaosema kwamba Nuhu alitumwa kwa watu wake, hivyo gharika ilikuwa ya nchi yao, na wako Wakristo wanaosema kwamba neno la Kiebrania linalotafsiriwa kuwa dunia lina maana pia ya nchi au ardhi ya mahali fulani.

Kisa cha Wajiji kiliandikwa na msafiri Henry Morton Stanley alipofika Ujiji kwa mara ya pili, mwaka 1876. Kwa muhtasari, zamani mahali pa ziwa palikuwa uwanda mpana wenye watu wengi na mifugo, na katika mji mmojawapo mume na mke walikuwa na kisima kirefu ndani ya ua wao, kisima chenye samaki wasiokwisha, ambacho wazee waliwausia wasimwonyeshe mgeni yeyote. Mke akawa na mpenzi, akampa samaki kwa siri, na mume aliposafiri kwenda Uvinza akamwonyesha kisima chenyewe. Mgeni akanyoosha mkono kumgusa samaki, nchi ikapasuka, uwanda ukadidimia na maji yakaujaza. Mume aliporudi kutoka Uvinza alikuta ziwa mahali alipoacha watu. Msomaji aliyewahi kupita njia hiyo atatambua kwamba Uvinza, nchi ya visima vya chumvi na kivuko cha Malagarasi, haikuwekwa humo ovyo, kwa kuwa kisa hiki ni cha watu walioijua barabara yao, na hatia yake ni hatia ya nyumbani, ya siri iliyotoka nje ya ua. Maji yake pia yanatoka chini, kama maji ya tanuri na ya vilindi.

Jaribio la kwanza mashuhuri la kuieleza gharika kwa hesabu lilifanywa na Mwingereza Thomas Burnet, ambaye mwaka 1681 alichapisha kwa Kilatini kitabu kilichosema kwamba dunia ya mwanzo ilikuwa laini kama yai, bila milima wala bahari, na kwamba ganda lake lilikauka, likapasuka na kuangukia maji yaliyokuwa chini. Burnet alifikia wazo hilo baada ya kukadiria kwamba kuifunika milima yote kungehitaji maji ya bahari nane hivi, na kwa kuwa hakuona yangetoka wapi wala yangekwenda wapi, akaamua kuiondoa milima badala ya kuongeza maji. Mwaka 1694 Edmond Halley, ambaye jina lake limebaki kwenye nyota yenye mkia, aliueleza mkutano wa wanasayansi wa London kwamba huenda nyota kama hiyo iligonga dunia na kuimwaga bahari juu ya nchi. Mwaka 1696 William Whiston akaongeza kwamba mvuke wa mkia wake ndio uliokuwa mvua ya siku 40. Leo inajulikana kwamba mikia hiyo ni myembamba mno, na dunia ikipita ndani yake haipati hata manyunyu.

Wazo lililodumu zaidi ni la kuba la maji. Mmarekani Isaac Vail alilitoa mwaka 1874, akidai kwamba dunia iliwahi kuzungukwa na mikanda ya maji na mvuke iliyoanguka baadaye, na John Whitcomb na Henry Morris wakalifufua mwaka 1961 katika kitabu kilichowafikia wasomaji wengi wa makanisa ya Kiprotestanti. Kwa maelezo yao, juu ya hewa palikuwa na tabaka nene la mvuke ambalo liliteremka wakati wa Nuhu.

Hapa ndipo fizikia inapoombwa ushahidi, na shahidi akishaitwa ni lazima asikilizwe mpaka mwisho. Tuchukue Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ambao si mrefu kuliko milima yote ya dunia. Kuyapandisha maji hadi kileleni kwake kwa siku 40 ni kuyapandisha mita 147 kila siku, yaani mita 6 hivi kila saa. Tabora hupata karibu mita moja ya mvua kwa mwaka mzima, hivyo kila saa ya gharika hiyo ingekuwa na mvua ya miaka sita ya Tabora. Kiasi cha maji kinachotakiwa kinazidi mara mbili ya maji ya bahari zote za sasa, ilhali mvuke wote uliomo hewani leo, ukigeuzwa mvua na kutandazwa sawasawa duniani kote, haufikii milimita 30, na barafu yote ya ncha za dunia ikiyeyuka bahari hupanda kwa mita 70 hivi tu, kiasi cha kuangamiza Dar es Salaam na Mombasa lakini Tabora, iliyo kama mita 1,200 juu ya bahari, ingebaki kavu kwa zaidi ya kilomita moja.

Tatizo la pili ni joto, na ndilo kubwa zaidi ingawa wengi hawalifikirii. Maji yanapogeuka mvuke hubeba joto bila kuonekana yamepata moto zaidi, na mvuke unapogeuka matone hulirudisha joto hilo lote. Wanafizikia huliita joto fiche, na kila mpishi aliyewahi kuunguzwa na mvuke wa sufuria anajua lina nguvu gani. Mvua ya mita 6 kwa saa inayotokana na mvuke ingetoa, juu ya kila mita mraba ya ardhi, joto linalozidi joto la jua la adhuhuri mara 4,000 hivi. Hata kuba dogo, lenye mvuke wa kutoa mita 10 tu za mvua, lingelemea dunia kwa uzito ulio sawa na uzito wa hewa yote iliyopo sasa, na joto lake fiche, kama lisingepata nafasi ya kutoroka kwenda angani, lingeipandisha hewa kwa zaidi ya nyuzi 2,000. Hakuna safina ya mti inayoweza kuelea katika hali hiyo. Kwa hiyo hesabu iliyoitwa kumsaidia Nuhu ndiyo inayomchemsha pamoja na wanyama wake, na hilo linapaswa kumsumbua mtu wa dini kuliko linavyomsumbua mwanasayansi.

Baadhi ya watetezi wa gharika ya dunia nzima hujibu kama Burnet, kwamba milima ilikuwa mifupi na iliinuka baadaye kwa haraka. Lakini kuinua milima kwa mwaka mmoja ni kusuguanisha miamba kwa nguvu isiyopimika, na msuguano ni joto jingine juu ya lile la kwanza. Tena miamba haionyeshi haraka hiyo. Matale chini ya Tabora na Unyamwezi yote ni sehemu ya kiini cha kale cha bara la Afrika, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na yamechakazwa na jua na mvua kwa muda mrefu mno. Pande mbili za Bonde la Ufa, zinazopimwa sasa kwa satelaiti, huachana kwa milimita chache tu kwa mwaka.

Kuhusu maji ya chini, habari moja ya mwaka 2014 imeenezwa sana, kwamba wanasayansi wamegundua bahari chini ya ardhi. Walichogundua ni chembe ya madini yaitwayo ringwudaiti ndani ya almasi kutoka Brazili, madini yanayofanyika kati ya kilomita 520 na 660 hivi chini ya miguu yetu, na chembe hiyo ilikuwa na maji yaliyofikia zaidi kidogo ya asilimia moja ya uzito wake. Maji hayo si ya kuchota. Yamefungwa ndani ya fuwele kama maji yaliyokandia saruji yanavyofungwa ndani ya tofali lililokauka, na atakayelikamua tofali hatapata hata tone. Yakitolewa kwa nguvu kutoka kina hicho, yangetoka yakiwa mvuke wenye joto la kuyeyusha chuma kabla hayajafika juu.

Mkoa wa Tabora una ukumbusho wake wa jinsi vitu vya kina kikubwa vinavyopanda. Vilima vya Igwisi, vitatu na vidogo, vilivyoko magharibi mwa mji, ni volkano za kimbaliti, mwamba uleule unaobeba almasi kule Mwadui, na zilizuka miaka 12,000 hivi iliyopita, jambo linalozifanya kuwa changa kuliko volkano zote za kimbaliti zinazojulikana duniani. Ujiuji wake ulisukumwa na gesi kutoka chini kabisa ya ganda la dunia, ukapenya kilomita nyingi za miamba, na ulipofika juu ulijenga vilima ambavyo mtu huvipanda kwa dakika chache. Kina kikubwa cha dunia kilipofunguka hapa, katika enzi ambayo binadamu walikuwa tayari wanaishi Afrika Mashariki, kilitoa moto, gesi na mawe.

Ziwa Tanganyika nalo liliwahi kudhaniwa kuwa mabaki ya bahari ya kale. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm, aliyekuwa akifanya utafiti katika nchi iliyo kusini-magharibi mwa Tabora, aliona ziwani kiwavi cha maji, yule kiumbe laini kama uji ambaye kwa kawaida ni wa baharini, na makoa ya ziwa yalionekana kufanana na visukuku vya bahari. J. E. S. Moore aliongoza misafara miwili ya uchunguzi kati ya 1895 na 1900, na mwaka 1903 akaandika kwamba ziwa hilo liliunganika na bahari katika enzi za mijusi wakubwa, likabaki bara pamoja na viumbe wake. Wapenzi wa gharika wangefurahi. Lakini William Cunnington alirudi ziwani mwaka 1904, akakuta viumbe wengi wa maji baridi waliojibadilisha humohumo, na jiolojia ya baadaye ikaonyesha kwamba bonde lenyewe lina umri wa kati ya miaka milioni 9 na 12, muda ambao bahari ilikuwa haifiki tena huko. Makoa yana maganda mazito kama ya baharini kwa sababu ziwa lenye kina cha mita 1,470 lina mawimbi na kaa wenye magando ya nguvu kama bahari. Maisha yanayofanana yamezaa maumbo yanayofanana. Dhana ya Moore ilianguka, lakini ilianguka kwa heshima, kwa sababu ilisema jambo linaloweza kukaguliwa.

Fizikia inafanya kazi nzuri zaidi inapoulizwa juu ya maji fulani, mahali fulani. Mwaka 2010 Carl Drews na Weiqing Han walitumia kompyuta kuchunguza kisa cha Musa kuvuka maji, na wakaonyesha kwamba upepo wa mashariki wa kasi ya kilomita 100 hivi kwa saa, ukivuma saa 12 juu ya ziwa la pwani lenye kina cha mita 2 katika delta ya Nile, unaweza kuyasukuma maji pembeni na kufungua njia kwa saa 4 hivi. Wavuvi wa Tanganyika wanaishi na jambo la ukoo huohuo. Upepo wa kusi, unaovuma takriban kuanzia Mei hadi Septemba, huyasukuma maji ya juu yenye vuguvugu kuelekea upande wa Burundi, na maji baridi ya kilindini, yaliyojaa virutubisho, hupanda juu upande wa kusini. Kusi ikitulia, tabaka hizo mbili hupembea kwa wiki nyingi kama maji ndani ya karai lililobebwa kichwani, na samaki hufuata pembea hiyo. Uso wa ziwa hauonyeshi mengi, lakini chini yake maji yanapanda na kushuka kwa makumi ya mita.

Kuhusu gharika zenyewe, mwaka 1929 Leonard Woolley alifukua huko Uru, nchini Iraki, tabaka la udongo safi la unene wa mita 3 hivi na kulitangaza kuwa la gharika ya Nuhu, lakini matabaka ya miji mingine ya nchi hiyo yalionekana kuwa ya nyakati tofauti, maana Tigri na Frati zilifurika mara nyingi. Mwaka 1997 William Ryan na Walter Pitman walisema kwamba miaka 7,500 hivi iliyopita bahari ya Mediterania ilivunja kizingiti cha Bosporasi na kulijaza bonde la Bahari Nyeusi. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu kasi na kimo cha maji hayo. Neno la kushika hapa ni kizingiti, yaani ule ukingo wa chini wa tundu ambalo maji hutokea, kwa sababu kizingiti ndicho kinachoamua kama maji yatapanda, yatatulia au yatamwagika.

Na kizingiti ambacho mabadiliko yake yalishuhudiwa na kuandikwa yakitokea ni kile cha Mto Lukuga, katika ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, karibu na Kalemie ya leo. Wasafiri wa Ulaya waliofika Ujiji kupitia Tabora walikuta fumbo, kwamba mito inaingia ziwani lakini hakuna aliyejua maji yanatokea wapi, na bado ni matamu. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kaskazini kuutazama Ruzizi na wakauona unaingia, hautoki. Mei 1874 Verney Lovett Cameron, aliyekuwa amepita Tabora mwaka uliotangulia, aliupata Lukuga na kusema ndio mlango. Stanley alipolizunguka ziwa zima kwa mashua mwaka 1876 alikuta hapo matope na mafunjo bila mkondo wa maana, akatabiri kwamba ziwa linapanda na siku moja litapita. Alikuwa na sababu, kwa kuwa miti aliyoiona sokoni Ujiji mwaka 1871 ilikuwa sasa imesimama majini. Wenyeji walikuwa wakiyaona hayo kila siku; soko lao lilikuwa likirudi nyuma.

Maelezo ya fizikia ni mepesi kuliko yanavyodhaniwa. Ziwa hili, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670, hupokea maji ya mvua inayonyesha juu yake na ya mito, na sehemu kubwa ya maji hayo, zaidi ya asilimia 90, huondoka kwa mvukizo, yaani hunywewa na jua na upepo, si kwa mto. Ni kama mfanyabiashara ambaye mapato na matumizi yake ni makubwa na yanakaribiana, hata tofauti ndogo ikijirudia kila mwaka humtajirisha au humfilisi. Miaka ya ukame, ziwa hushuka chini ya kizingiti, Lukuga hukauka, na vijito vya pembeni hujaza tundu lake kwa mchanga na mafunjo. Miaka ya mvua ikirudi, ziwa hupanda mpaka lifike juu ya kizibo hicho. Maji ya kwanza yanayopita juu huchimba mchanga kidogo, tundu likizidi kina maji mengi zaidi hupita, na yakipita mengi huchimba zaidi, mpaka kizibo chote kiondoke na mwamba ubaki.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ziwa lilifika kilele chake mwaka 1878, likavunja kizibo, na Edward Coode Hore, baharia wa misheni ya London aliyekaa Ujiji, pamoja na Joseph Thomson aliyefika Lukuga mwishoni mwa 1879, wakaukuta mto wenye nguvu mahali pa matope ya Stanley. Katika miaka 15 hivi iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita 10. Ukizidisha kimo hicho kwa eneo la ziwa, zaidi ya kilomita mraba 32,000, unapata zaidi ya kilomita za ujazo 300 za maji yaliyokwenda Kongo juu ya mtiririko wa kawaida. Ufuko wa Ujiji uliondoka mbele ya mji, na mnara wa ukumbusho wa Livingstone na Stanley hauko ukingoni mwa maji.

Kabla ya hapo palikuwa na tukio kubwa zaidi, ambalo hakuna aliyeliandika. Miaka 10,000 au zaidi iliyopita volkano za Virunga ziliziba njia ya maji ya Kivu kuelekea kaskazini, Ziwa Kivu likapanda, likamwagikia kusini na kuufanya Ruzizi kuwa mto unaoingia Tanganyika. Wakati wa baridi kuu ya dunia, miaka 20,000 hivi iliyopita, Tanganyika ilikuwa chini ya kimo cha leo kwa mamia ya mita, na fuko zilizokuwa kavu wakati huo, ambako watu wangeweza kukaa na kuvua, sasa ziko kilindini. Uwanda ulioliwa na maji, kwa hiyo, ulikuwapo kweli.

Je, hayo yanathibitisha kisa cha kisima cha Ujiji? Hapana, na haifai kusema yanathibitisha. Bonde lilididimia mamilioni ya miaka kabla ya binadamu, na kumbukumbu ya kusimuliwa kwa mdomo haiwezi kudaiwa kufika miaka 20,000 bila ushahidi mwingine. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba Stanley alisimuliwa kisa hicho mwaka 1876, ziwa likiwa linapanda mbele ya macho ya wasimuliaji, miaka miwili kabla ya Lukuga kuvunjika. Watu waliokaa ufukoni mwa ziwa linaloweza kupanda au kushuka kwa mita 10 katika maisha ya mtu mmoja, chini ya magenge yanayozama wima majini, walikuwa na kila sababu ya kusema kwamba nchi hii ilipasuka. Kuhusu umbo la bonde walikuwa karibu na ukweli kuliko Moore aliyekuja baadaye na vyombo vyake.

Vivyo hivyo kwa maandiko. Anayesema gharika ya Nuhu ni muujiza anasema jambo ambalo fizikia haina mizani ya kulipima, na msimamo wake unajitegemea. Anayesema ilikuwa gharika ya nchi ya mito miwili anasema jambo linaloweza kuchimbwa na kupimwa. Msimamo dhaifu ni wa kuanza na hesabu na kukimbilia muujiza hesabu inapogoma, kwa sababu hauiheshimu fizikia na hauyaheshimu maandiko, ambayo hayakutaja kuba la mvuke wala nyota yenye mkia, bali yalitaja dhuluma ya watu na onyo walilolipuuza. Kisa cha Ujiji nacho, ukikisoma upya, hakishughuliki na kiasi cha maji. Kinashughulika na amana iliyovunjwa.

Maji hayajatulia. Baada ya mvua kubwa za 1961 maziwa ya Afrika Mashariki yalipanda, na Victoria peke yake iliongezeka zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Kuanzia 2020 hadi 2024 Tanganyika ilipanda tena na kuingia majumbani Bujumbura, Uvira, Kalemie na katika fuko za Kigoma. Wazee wa Ujiji na Uvinza waliosikia visa vya maji kutoka kwa babu zao wanazidi kupungua, na walimu, maimamu, mapadri na wachungaji wa njia hii ya zamani wanaombwa wayaandike masimulizi hayo kama yalivyo, kwa maneno ya wasimuliaji, pamoja na mahali yanapotaja na alama za maji zilizobaki kwenye miamba, ili watakaopima ziwa kesho wawe na vyote viwili.

Mvua inayonyesha juu ya mapaa ya Tabora huingia Igombe upande wa kaskazini au Wala na Ugalla upande wa kusini, hukutana katika Malagarasi, mto ulioanza kutiririka kuelekea Kongo kabla bonde halijafunguka, na humwagika ziwani. Sehemu yake kubwa hurudi angani kwa mvukizo, na sehemu ndogo, inayopita juu ya kizingiti cha Lukuga, hufika Bahari ya Atlantiki.